Marehemu Zuberi Mtemvu na Kura Tatu

Wasomaji wetu wengi walizaliwa baada ya mambo haya kupita, na jina la marehemu Bwana Zuberi Mtemvu, wakilisikia, hulisikia likitajwa kwa kicheko. Kicheko hicho sisi hatukipendi.

Msafiri wa Reli ya Kati atokaye pwani huipita Dodoma, huiacha nchi ya Ugogo nyuma yake, na kuendelea juu ya uwanda ule mkavu hata afike Tabora. Huko ndiko wajumbe wa TANU walikokutana mwezi wa Januari 1958 kuamua jambo zito. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetoa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa sharti kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Hivyo wenye nchi, waliokuwa mamilioni, walipewa sawasawa na jamii mbili ndogo. Tena kulikuwa na masharti ya mapato na elimu, ambayo kwa wakulima na wafugaji wengi yalikuwa mlango uliofungwa.

Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie katika uchaguzi huo, viti visije vikachukuliwa bure na chama cha UTP, kipenzi cha Gavana Twining. Bwana Mtemvu, aliyekuwa mmoja wa watendaji wa TANU, alikataa. Alijitoa, na mwaka huo huo akaunda African National Congress, chama kilichodai Afrika iwe ya Waafrika peke yao.

Matokeo yalimsuta. TANU na wale iliowaunga mkono walishinda, UTP ikafa, na Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Kwa upande wa mbinu, basi, alikosea. Lakini dhuluma aliyoiona Tabora ilikuwa dhuluma kweli. Hata mwaka 1960, kura tatu ilipokwisha achwa, viti 21 kati ya 71 vilikuwa bado vimetengwa kwa Waasia na Wazungu.

Kosa lake kubwa, kwa maoni yetu, lilikuwa jingine: aliupima uzalendo kwa rangi ya ngozi, kipimo kile kile cha mkoloni, ila kimegeuzwa. Hapo hatuwezi kumtetea.

Hata hivyo, tarehe 1 Novemba 1962, Tanganyika ilipomchagua Rais wake wa kwanza, ni yeye peke yake aliyesimama kushindana na Mwalimu. Alipata kura 21,276, mwenzake 1,127,978. Watu walicheka. Lakini mwananchi aliyeshika karatasi ya kura siku ile alikuwa na majina mawili mbele yake, na hakuyaona tena majina mawili ya kugombea urais mpaka mwaka 1995.

Mwaka 1963, nchi ilipoelekea chama kimoja, Bwana Mtemvu alikiacha chama chake kidogo akarudi TANU.