Elijah Masinde: Mchezaji Mpira Aliyetupwa Mathari na Mkoloni

Wasee wa Malaba na Busia, hii ni yenu. Usiku trela zikipanga foleni na waragi ikivuka kutoka ng'ambo, hakuna anayeuliza rangi ya mnywaji. Enzi za Elijah Masinde iliulizwa.

Mzae alizaliwa Kimilili karibu 1910. Mguu ulikuwa moto, akachezea Kenya dhidi ya Uganda kombe la Gossage 1930. Alikuwa Mkwekeri, na hao hawakutaka hata kunusa pombe, ilhali Mbukusu hupea mababu busaa. Akaoa bibi wa pili, kanisa likamtema. Akaibuka na Dini ya Msambwa.

Sasa sikia. Mzungu alipiga whisky kilabuni, Mwafrika akishikwa nayo ni seli. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umebana pombe kali zisiuziwe Waafrika, eti hawa hawawezi kujizuia. Kichwa cha mtu mweusi kilishaamuliwa kabla kipimwe.

Kupimwa nako? Masinde aligomea kilimo cha lazima na kusumbua maafisa, wakamfunga, kisha 1945 wakampeleka Mathari kama kichaa. Bosi wa hapo tangu 1938 hadi 1950 alikuwa J. C. Carothers, daktari aliyeshika kazi hiyo bila kusomea magonjwa ya akili. Mwaka wa 1953 WHO ikamchapishia kitabu kilichodai Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo, ni kama Mzungu aliyekatwa hapo. Imagine! Waafrika walijaa vitandani, kwa meza ya daktari hakuna. Nani angempinga?

Masinde alitoka 1947. Februari 1948, pale Malakisi, si mbali na Malaba, makarao walifyatulia wafuasi risasi, 11 wakafa. Yeye akapelekwa Lamu, baadaye Marsabit, hadi 1961.

Ulidhani uhuru ulimpa amani? Zii. Serikali ya Kenyatta ilipiga marufuku dini yake 1968, akarudi jela. Wakubwa wetu weusi nao wakaharamisha chang'aa 1980, ikaruhusiwa 2010. Hapo Mzungu hakuwepo wa kulaumiwa.

Alifariki 1987, kabla nizaliwe. Nyanyangu bado hutaja jina lake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa chifu.