Mwenye Ranchi ya Juja na Maktaba Yetu ya Mtaani

Siku mbingu ikiwa safi, panda juu ya ploti yenu pale Kayole, mnapoanika nguo, halafu tazama upande wa Thika. Kuna mlima umejitenga peke yake. Huo ni Kilimambogo. Ubavuni mwake amezikwa mzungu ambaye jina lake liko hadi hapa kwetu Eastlands, na pengine hujawahi kujiuliza alikuwa nani.

Ni William Northrup McMillan. Alizaliwa mwaka wa 1872 huko St. Louis, Marekani. Babake alitajirika kwa kutengeneza mabehewa ya reli, kwa hivyo kijana alikua bila kujua shida ya nauli. Alikuwa na mwili mkubwa ajabu na alipenda sana safari na kuwinda. Mnamo 1903 alijaribu kushuka na mto Blue Nile kwa mashua kutoka Ethiopia. Mashua zikavunjika, mpango ukafa. Basi akaja huku.

Sasa sikia. Sheria ya ardhi ya 1902 ilikuwa imewafungulia wazungu njia, na mwenye pesa alimegewa ardhi kama mkate. McMillan akapata maelfu ya ekari upande wa Thika, kwenye nyanda ambazo Wamaasai, Wakamba na Wakikuyu walizijua kabla hajazaliwa. Hiyo ndiyo ikawa ranchi ya Juja. Baadaye Kilimambogo nao ukawa wake. Mlima mzima, msee!

Wageni wake hawakuwa watu wa kawaida. Winston Churchill alipita huko 1907. Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alikaribishwa Juja 1909 alipokuja kuwinda. Mjini, McMillan alikuwa na nyumba Chiromo, pale ambapo leo ni chuo kikuu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika alipigana upande wa Waingereza, akapewa cheo cha Sir. Aliketi pia kwenye baraza la kutunga sheria. Mwafrika wa kwanza kuingia baraza hilo, Eliud Mathu, aliingia 1944. McMillan alikuwa amekufa tangu 1925.

Alitaka azikwe kileleni Kilimambogo. Lakini gari lililobeba jeneza likashindwa na mlima, ikabidi azikwe njiani. Mlima ulimkatalia.

Mkewe, Lucie, akajenga maktaba ya kumkumbuka, ile yenye simba wawili mlangoni katikati ya mji. Ilifunguliwa 1931, lakini kwa wazungu pekee. Babu yako angeweza kupita nje akiwa na kipande chake, ila kusoma ndani, wapi! Milango ilikuja kufunguliwa kwa wote uhuru ukikaribia, kaunsili ya jiji ilipoichukua. Leo ina matawi mawili, na yote yako huku kwetu: Kaloleni na Makadara.

Mimi nililijua jina hili kwa njia ya aibu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na sikuwa nimemwambia mathe. Kila asubuhi natoka Umoja na begi kana kwamba naenda darasani, kumbe naenda kukaa Makadara, kwenye maktaba. Hakuna aliyeniuliza risiti ya karo. Hapo ndipo nilianza kuandika, na hapo ndipo nilipata nguvu ya kurudi nyumbani na kusema ukweli.

Je, namshukuru McMillan? Hapana. Hiyo ardhi ilikuwa na wenyewe, na hakuijengea mimi. Lakini meza niliyoketi nayo ni yetu sasa, inalipiwa na jiji letu. Hata majengo ya mitaani hayajaachwa yaoze. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wakenya wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekarabati maktaba ya Kaloleni, na watoto wa hapo wanaijaza.

Kwa hivyo kama una mdogo wako anayeshinda kwa ngazi za ploti na simu, mshike mkono mpeleke Kaloleni. Na kama ni wewe umeacha chuo na unaogopa kusema, ingia pia. Viti vipo.