Jalaram Bapa na Jiko Lisilofungwa

Katika kuadhimisha hekalu letu, tumeona vyema kumkumbuka Jalaram Bapa, mzee wa kilemba na mkongojo ambaye picha yake hutundikwa katika nyumba nyingi za Wahindu wa Afrika Mashariki.

Alizaliwa mwaka 1799 katika kijiji cha Virpur, Gujarat, kwa wafanyabiashara wa jamii ya Walohana. Biashara haikumvuta moyo. Mali ya dukani aliwagawia mahujaji waliopita njia, hata akatengana na baba yake. Ami yake Valjibhai akampokea.

Alikuwa mfuasi wa Bhoja Bhagat wa Fatehpur, na kwa baraka za mwalimu huyo akafungua, mwaka 1820, sadavrat, yaani jiko la kumlisha kila ajaye. Mtaji hakuwa nao. Yeye na mkewe Virbai walivuna mashamba ya watu, wakalipwa nafaka, na nafaka hiyo ndiyo iliyoingia chunguni. Yasimuliwa kwamba akiba ilipokwisha, Virbai alitoa mapambo yake yauzwe.

Waja wake husimulia pia habari ya Jamal, mfanyabiashara Mwislamu, ambaye mwanawe aliugua hata matabibu wakakata tamaa. Jalaram alimwombea mtoto, naye akapona. Jamal akaleta nafaka kwa shukrani. Hivyo ngano ya Mwislamu ikapikwa katika jiko la Mhindu, ikaliwa na watu ambao hakuna aliyewauliza dini wala tabaka, katika nchi ambamo tabaka liliamua nani aketi na nani kula.

Jalaram alifariki mwaka 1881, lakini jiko la Virpur lingali likipika. Tangu mwaka 2000 hekalu la huko halipokei mchango wowote, na mgeni hula bila malipo.

Wazee wetu waliovuka bahari walikuja na desturi hii. Nasi leo tumejaliwa kuliko Jalaram alivyojaliwa. Yeye alitoa jasho lake, sisi mara nyingi hutoa ziada yetu. Tukiulizwa jamii yetu ni ipi, jibu liwe katika safu ya walaji: ni nani ameketi humo, na ni nani amebaki nje ya lango.

Siku ya saba ya mwezi wa Kartik, baada ya Diwali, tutamkumbuka tena. Majirani zetu, karibuni mle nasi. Nasi wenyeji, tutangulie jikoni.