Mkono Mmoja, Kazi Mbili

Wako wanaodhani kwamba afanyaye kazi ya ujira hana nafasi ya fikra za juu. Sisi twawakumbusha maisha ya Hilma af Klint, mchoraji wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka 1862 na kufariki mwaka 1944.

Bibi huyu alihitimu Chuo cha Kifalme cha Sanaa, Stockholm, mwaka 1887. Kwa riziki yake alichora sura za watu, mandhari na mimea, hata picha za kitaalamu za udaktari wa mifugo. Lakini tangu mwaka 1906 hadi 1915 alichora picha 193 za mambo ya roho, zisizoiga kitu kionekanacho kwa macho. Nyingine zapita urefu wa mita tatu. Akausia zisioneshwe kabla ya miaka 20 kupita tangu kifo chake.

Umma ulianza kuziona mwaka 1986, ilhali vitabu vilikwisha kuwapa wanaume sifa ya kuanzisha sanaa hiyo. Mwaka 2018 zilipooneshwa New York, watazamaji walipita 600,000.

Basi, ndugu wafanyakazi, ujira ulimlisha bibi huyu, haukumnunua.