Mike Muuss, mtu aliyezifundisha kompyuta kupiga hodi

Sisi tuliorudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi tunaijua hodi ya mashaka. Unasimama mlangoni kwa jirani wa zamani, unaita, unasubiri kusikia kama ndani bado kuna mtu. Mmarekani Mike Muuss alizipa kompyuta hodi kama hiyo.

Muuss alizaliwa mwaka 1958, akasomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kisha akaajiriwa katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Marekani huko Aberdeen, jimbo la Maryland. Desemba 1983 mtandao wa hapo ulianza kusumbua. Muuss akakumbuka mazungumzo ya Julai mwaka huo na mtaalamu David Mills, aliyekuwa akipima njia za mtandao kwa kutumia mwangwi. Kwa usiku mmoja akaandika programu ya mistari kama elfu moja, akaiita ping, kwa kufuata mlio ambao nyambizi huutumia kutafuta vitu baharini.

Matumizi yake ni mepesi. Unaandika neno ping na anwani ya kompyuta ya mbali. Ujumbe mdogo unakwenda, ukifika unarudishwa, nawe unaoneshwa muda uliotumika kwa sehemu za elfu za sekunde. Ukijibiwa, njia ni nzima. Majibu yakipotea potea, njia ina kasoro. Lakini kimya kisikudanganye: huenda mwenyewe yupo, ila amezuia kuwajibu wageni.

Cha ajabu, programu ilipokuwa tayari, hitilafu iliyomkesha Muuss ilikuwa imekwisha. Hata hivyo hakuitupa wala hakuiuza. Aliitoa bure, ikasambaa pamoja na mfumo wa Unix wa Berkeley, na hadi leo imo katika kompyuta nyingi duniani.

Muuss alifariki katika ajali ya gari huko Maryland tarehe 20 Novemba 2000, akiwa na umri wa miaka 42.

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua hasira ya mtandao kukatika wakati mzigo unasubiri malipo. Fundi mzuri hamlaumu mtu upesi. Huanza na hodi ya Muuss, ajue njia imekatikia wapi. Nasi tuliotengana miaka mingi tufanye vivyo hivyo: kabla ya kusema fulani ametutupa, tumpigie hodi kwanza.