Bruce Lee: Mgongo uliokaribia kumzima

Agosti 13, 1970, huko Los Angeles, mwalimu wa kung fu mwenye umri wa miaka 29 alijitwika mabegani chuma chenye uzito uliokaribia ule wa mwili wake, akaanza kuinama na kuinuka. Zoezi hilo wanyanyua vyuma hulipa jina la salamu ya asubuhi, kwa kuwa anayelifanya huinama kiunoni, mgongo umenyooka, kama mtu anayemwamkia mkubwa wake. Alikuwa amelifanya mara nyingi. Siku hiyo aliruka hatua moja tu: hakupasha misuli moto. Maumivu yalimshika mgongoni, na siku zilizofuata yakazidi hata hakuweza kuyapuuza.

Madaktari walimweleza kwamba ameumiza mshipa wa fahamu ulio sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Walimwamuru alale na kupumzika, wakamtahadharisha kwamba mateke aliyokuwa akiyarusha hatayarusha tena. Mtu huyo alikuwa Bruce Lee, na wakati huo dunia ilikuwa bado haijamfahamu vyema. Filamu zote nne za kung fu alizozikamilisha akiwa nyota mkuu zilitengenezwa baada ya siku hiyo. Anayezitazama leo anautazama mwili ambao waganga walikwisha kuukatia tamaa.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, Novemba 27, 1940, wakati baba yake, Lee Hoi-chuen, mwigizaji wa opera ya Kikantoni, alikuwa huko katika ziara ya maonyesho. Alirudishwa Hong Kong akiwa mchanga, na kabla hajatimiza miaka miwili mji huo ukaangukia mikononi mwa jeshi la Japani. Utoto wake haukuashiria shujaa wa aina yoyote. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye afya dhaifu na macho yasiyoona mbali. Aliigiza katika filamu nyingi za Kikantoni, akapigana mitaani kuliko wazazi wake walivyopenda, na katika ujana akajifunza mtindo wa Wing Chun chini ya mwalimu Ip Man. Mwaka 1958 alishinda mashindano ya ndondi ya shule, na mwaka huohuo akashinda mashindano ya kucheza dansi ya cha-cha. Ushindi huu wa pili haufai kupuuzwa, kwani watu wengi waliomwona akipigana walitaja kwanza wepesi wa miguu yake.

Mwaka 1959 familia yake, iliyochoshwa na ugomvi wake, ilimpeleka Marekani akiwa na dola 100. Mjini Seattle alifanya kazi katika mkahawa wa Kichina, akasoma Chuo Kikuu cha Washington, na akaanza kufundisha kung fu. Mwanafunzi wake wa kwanza huko, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani mweusi. Wakati huo walimu wengi wa Kichina waliuficha ujuzi wao wasipewe watu wa nje, lakini Lee hakubagua.

Mwaka 1964 alimwoa Linda Emery, akahamia Oakland, jimbo la California, na kushirikiana na James Yimm Lee, mtu aliyemzidi umri kwa miaka 20. James, ambaye hawakuwa na udugu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mnyanyua uzito wa siku nyingi. Ni hapo Oakland ambapo swali la nguvu za mwili lilimjia Lee kwa namna ambayo hakuitarajia.

Mwishoni mwa mwaka huo alipambana faraghani na mwalimu mwingine wa kung fu, Wong Jack Man. Masimulizi ya pambano hilo yanapingana karibu kwa kila kitu: chanzo chake, muda wake, hata nani alishinda. Linda, aliyekuwepo akiwa mjamzito wa miezi mingi, alisimulia kwamba lilidumu kama dakika 3 na mumewe akashinda. Wong alikana maelezo hayo. Jambo ambalo halina utata ni kwamba Lee alitoka pale akihema, amechoka, na hakufurahi hata kidogo. Mpinzani wake alikuwa akirudi nyuma na kuzunguka chumba, naye akamfukuza huku akirusha ngumi fupifupi za Wing Chun ambazo hazikuwa zimetungwa kwa ajili ya kumkimbiza mtu. Pumzi zilimwishia. Wengi wangalisherehekea ushindi wa namna ile. Yeye aliuchukua kama hesabu iliyokosewa, akaanza kutafuta kosa liko wapi.

Katika miaka ile walimu wengi wa sanaa za mapigano waliamini kwamba kunyanyua vyuma humfanya mpiganaji awe mzito na mkavu wa viungo. Mazoezi ya nguvu kwao yalikuwa ni kurudia mitindo ileile, kusimama muda mrefu magoti yamekunjwa, na kupiga ubao. Lee aliwaendea watu waliodharauliwa na walimu hao: wajenga misuli. Kwa James Yimm Lee na rafiki yao Allen Joe alijifunza misingi ya vyuma. Alinunua majarida yao, akakata makala, akapigia mistari. Kadi aliyoijaza katika ukumbi wa mazoezi huko Hong Kong mwaka 1965 imehifadhiwa, na inaonyesha akichuchumaa na kuinuka na uzito wa ratili 95, yaani kilo 43 hivi, mara 10 kwa mizunguko 3. Huo si uzito wa kumshangaza mnyanyua vyuma yeyote. Kinachoshangaza ni kwamba kila kitu kimeandikwa.

Kuandika ndiko kulikomtofautisha. Katika shajara zake za miaka iliyofuata alihesabu ngumi, mateke, maili alizokimbia na dakika alizoruka kamba. Nguvu alizozitafuta hazikuwa za kubeba mzigo. Mpiganaji anahitaji nguvu inayotoka upesi na kukoma upesi, kwa kuwa misuli inayokawia kulegea huuchelewesha mkono kama breki. Kwa hiyo vyuma vilikuwa sehemu moja tu ya ratiba, tena kwa siku za kupishana ili mwili upate kupumzika. Siku nyingine zilikuwa za mbio, baiskeli, kamba na kunyoosha viungo.

Tumbo alilifanyia kazi karibu kila siku, kwa kuwa ngumi na teke hupitisha nguvu yake kiunoni kabla ya kufika mkononi au mguuni. Zoezi lake moja la tumbo lingali likiwashinda vijana wenye nguvu: alilala chali juu ya benchi, akaishika kingo yake nyuma ya kichwa, kisha akauinua mwili wote umenyooka kama ubao hadi mabega pekee yakabaki yameegemea. Mikono nayo aliitengea vifaa. Rafiki yake George Lee, fundi stadi wa vyuma, alimtengenezea mashine ya kukaza vidole na kiganja kwa michoro ambayo Bruce mwenyewe aliichora.

Alipenda pia mazoezi ya kusukuma kisichosogea. Alisimama juu ya ubao uliofungwa mnyororo, akaushika mtalimbo uliounganishwa na mnyororo huo, akauvuta kwa nguvu zake zote kwa sekunde chache. Hakuna kinachoonekana kutokea. Ubao haupandi kwa sababu yeye mwenyewe ameukanyaga. Lakini misuli hulazimika kuitikia yote kwa pamoja, na hapo ndipo alipoamini kwamba mlipuko wa ngumi yake fupi huzaliwa. Ngumi hiyo aliionyesha mwaka 1964 katika mashindano ya karate ya Long Beach. Aliweka mkono karibu kabisa na kifua cha mtu, akamsukuma hadi akaangukia kiti kilichowekwa nyuma yake.

Mwili wote huo ulikuwa na uzito wa kilo zipatazo 63 tu, na kimo cha mita 1.71.

Umaarufu ulimpita karibu mara kadhaa. Aliigiza katika mfululizo wa televisheni wa The Green Hornet kuanzia mwaka 1966, lakini ulifutwa mwaka uliofuata. Mwaka 1967 aliupa jina mfumo wake wa kupigana, Jeet Kune Do, na akaishi kwa kuwafundisha watu binafsi, miongoni mwao waigizaji Steve McQueen na James Coburn na mchezaji wa mpira wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar. Alinunua nyumba Los Angeles iliyokuwa ghali kuliko uwezo wake. Kufikia Agosti 1970 alikuwa na watoto wawili wadogo, madeni, na chombo kimoja tu cha kuzalisha riziki, nacho kilikuwa mwili wake.

Kwa hiyo mgongo ule ulipoumia, jeraha lilikuwa la nyumba nzima. Linda alitafuta kazi ya jioni ya kupokea simu, na mumewe, ambaye fahari yake ilikuwa kubwa, alibaki na watoto na kuwalaza. Kwake ilikuwa aibu, na hakupenda watu wajue. Akiwa amelala chali alisoma vitabu vya ndondi, vya upigaji panga wa Kizungu, vya falsafa na vya jinsi mwili unavyotembea, akajaza daftari baada ya daftari.

Baada ya miezi kadhaa alianza kusimama na kurudia mazoezi kidogokidogo, kwa uzito mwepesi. Hakukaidi ushauri wa madaktari kwa pupa, kama hadithi nyingi zinavyopenda kusimulia. Alirudi taratibu, akipasha misuli moto kila mara na kujipima. Mateke yalirudi. Maumivu ya mgongo hayakuondoka. Aliishi nayo hadi mwisho.

Mwaka 1971 alisaini mkataba na kampuni ya Golden Harvest ya Hong Kong, filamu mbili kwa dola 15,000. Ya kwanza, The Big Boss, ilipigwa nchini Thailand, na ilipoonyeshwa Hong Kong Oktoba mwaka huo ilivunja rekodi ya mapato. Ikafuata Fist of Fury, kisha Way of the Dragon aliyoiongoza mwenyewe, halafu Enter the Dragon. Filamu hizo zilivuka bahari hadi majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na vijana wa miaka ya 1970 wakatoka humo wakiunganisha vipande viwili vya fimbo kwa mnyororo na kujipiga navyo visogoni. Wapo waliodhani ana siri ya Kichina isiyosemwa. Siri yenyewe ilikuwa daftarini, na sehemu yake kubwa aliichota kwenye majarida yaliyouzwa barabarani Marekani.

Mei 10, 1973 alizimia akiwa kazini Hong Kong, ubongo wake ukiwa umevimba. Alikwenda kupimwa Los Angeles, na madaktari wakamwona ni mzima tena mwenye afya njema. Miaka mitatu kabla yake, madaktari walisema amekwisha, naye akainuka. Safari hii walimpa ruhusa ya kuendelea, na Julai 20, 1973 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 32. Jioni hiyo alilalamika kuumwa kichwa, akapewa kidonge cha kutuliza maumivu, akalala, wala hakuamka. Uchunguzi wa mahakama uliamua kwamba kifo kilitokana na bahati mbaya, na wataalamu walikitaja kidonge kile. Wengine hawakuridhika, mwaka 2022 watafiti wa Hispania walitoa hoja kwamba huenda figo zake zilishindwa kutoa maji yaliyozidi mwilini.

Alizikwa Seattle, mji alikofungua darasa lake la kwanza, na McQueen na Coburn walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Enter the Dragon ilianza kuonyeshwa mwezi uliofuata. Mwaka 1975 Linda aliruhusu maandishi ya mumewe yachapishwe kuwa kitabu, Tao of Jeet Kune Do, chenye michoro yake ya ngumi, mateke na hatua za miguu. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya miezi ile ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuinua mguu.