Socrates na Vijana wa Athens

Tunapozungumza juu ya mbinu ya maswali, hatuna budi kumkumbuka Socrates, aliyezaliwa Athens, Ugiriki, yapata mwaka 470 K.K. Baba yake alikuwa mchonga mawe, na mama yake mkunga. Katika mji huo kijana wa kiume alisifiwa kwa uzuri wa umbo na nguvu za mwili, na viwanja vya mieleka vilikuwa shule yake ya uanaume.

Socrates alikuwa na pua bapa na macho yaliyotokeza, akitembea pekupeku. Hata hivyo, vitani Potidaea alimwokoa Alcibiades, kijana aliyesifika kwa uzuri wake.

Viwanjani humo ndimo alimofundishia, bila ujira. Aliuliza ushujaa ni nini na kiasi ni nini. Kila jibu likazaa swali jingine, mpaka kijana atambue kuwa hajui alichodhani anakijua.

Matunda yalitofautiana. Plato alikuwa mwanafalsafa mkuu. Alcibiades aliupa mji kisogo, akawatumikia adui zake wa Sparta. Mwaka 399 K.K. Socrates, mzee wa miaka 70 hivi, alishtakiwa kwa kutoiheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Alihukumiwa kunywa sumu, akafa.

Nasi shuleni twawaona wavulana wenye misuli wakitamba, na wanyonge wakidharauliwa. Tuwaulize shujaa ni nani, kisha tusubiri majibu yao kwa subira. Lakini tumkumbuke Alcibiades: swali huamsha akili, wala halimchagulii mtu njia.